Faili Linaishia Wapi? Programu za Ofisi kwa Kompyuta Mpya ya Nyumbani

Ukitoa kompyuta mpakato mpya kwenye boksi leo ukaiwasha, hutakuta ndani yake kitu cha maana cha kuandikia barua. Wengi hawalijui hilo mpaka siku mtoto anapotaka kuchapa kazi ya shule, au mpangaji anapodai mkataba. Zamani Windows ilikuja na WordPad, programu ndogo isiyo na makuu iliyotosha kabisa kwa barua ya maombi ya kazi. Microsoft waliiondoa katika toleo la Windows 11 la mwaka 2024, lile liitwalo 24H2. Imebaki Notepad, ambayo ni ya kunukuu mambo ya haraka. Barua yenye anwani mbili na sahihi huipeleki huko.

Kinachowachanganya watu ni kwamba alama za Word na Excel mara nyingi zipo pale pale kwenye skrini. Mnunuzi anazibonyeza, zinafunguka, anaamini amepewa pamoja na mashine. Kumbe ni jaribio la muda mfupi, kwa kawaida mwezi mmoja. Muda ukiisha mafaili yake hayapotei: yanafunguka, yanasomeka, hata kuprintiwa yanaprintiwa, ila hawezi kuongeza wala kufuta herufi moja. Hapo ndipo anaporudi dukani, na hapo ndipo fundi wa jirani anapomwambia, "Lete tu, nikuwekee Office kabisa." Bei anayomtajia ni ndogo mno kiasi kwamba mtu haoni sababu ya kuuliza inatoka wapi.

Ushauri mwingi kuhusu jambo hili huanza na programu: ipi nyepesi, ipi nzuri, ipi inafanana na Word. Mimi naona swali la kwanza ni faili lenyewe. Likishaandikwa, linaenda kuishia wapi? Barua ya maombi na wasifu huishia kwenye PDF inayopakiwa kwenye Ajira Portal. Upande wa pili hakuna atakayeihariri. Andalio la somo huishia kwenye karatasi, mezani kwa mwalimu mkuu. Sura ya pili ya tasnifu huishia kwa msimamizi, naye huirudisha imejaa maoni pembeni na mistari myekundu, kisha inakwenda tena na kurudi tena. Hesabu za kikoba haziendi popote, zinakaa nyumbani mwaka baada ya mwaka zikirefuka. Safari hizi hazifanani, na programu inayotosha kwa moja inaweza kukutia aibu kwenye nyingine.

Tuanze na kulipa, maana wengi hulikataa wazo hilo kabla ya kulipigia hesabu. Microsoft wanauza Office kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulipia kila mwaka, huduma waliyoianzisha 2011 kwa jina la Office 365 na kuibadili jina kuwa Microsoft 365 mwaka 2020. Kwa bei ya Marekani, mtu mmoja alikuwa akilipa dola 69.99 kwa mwaka. Januari 2025 ikapanda hadi 99.99, kwa maelezo kwamba sasa ndani yake kuna msaidizi wa akili mnemba aitwaye Copilot, umtumie usimtumie. Kifurushi cha familia, cha watu 6, kikafika dola 129.99. Njia ya pili ni kununua mara moja. Office Home 2024 ilitoka mwaka 2024 kwa dola 149.99, inakaa kwenye kompyuta moja tu, na Microsoft wataihudumia kwa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2029.

Ukiziweka bei hizo kwenye shilingi utaona dola mia ni kama laki mbili na nusu ya Tanzania, au elfu kumi na tatu hivi ya Kenya. Si pesa ya kuokota. Lakini iangalie hesabu: anayelipia peke yake kila mwaka, kabla mwaka wa pili haujaisha ameshapita bei ya kununua moja kwa moja, na bado hana kitu mkononi siku akiacha kulipa. Kwa mtu anayeandika barua na kupanga bajeti ya nyumba, malipo ya mwaka hayana utetezi. Yana utetezi kwa nyumba yenye kompyuta nne au tano, ambako dola 130 zikigawanywa kwa watu 6 zinakuwa dola 22 hivi kwa kila mmoja, na kila mmoja anapata nafasi ya terabaiti moja ya kuhifadhi vitu vyake mtandaoni. Ukiwa na watoto wawili chuoni na picha za harusi za ukoo mzima, nafasi hiyo pekee inaweza kuhalalisha bei.

Kuna tahadhari moja kwa anayetaka kununua. Mitandaoni zinauzwa funguo za Office kwa bei ya kutupa, mara nyingi za toleo liitwalo Professional Plus. Toleo hilo Microsoft hawamuuzii mtu binafsi. Ni la taasisi, zinazonunua leseni kwa wingi, na ufunguo mmoja unaweza kuwa wa kampuni fulani umechukuliwa na kugawiwa kwa mamia ya watu. Utafanya kazi leo. Siku Microsoft wakigundua kuwa umetumika kupita kiasi wanaufunga, na huyo aliyekuuzia hapokei tena ujumbe wako. Anayenunua kompyuta iliyotumika naye aulize ina Office ya mwaka gani: matoleo ya 2016 na 2019 yaliacha kupata marekebisho ya usalama Oktoba 14, 2025, siku ile ile Windows 10 ilipofikia mwisho wake, na la 2021 mwisho wake ni Oktoba 2026.

Sasa turudi kwa fundi. Watu hujadili Office ya bure ya mtaani kama suala la sheria au la dhamiri, na ni kweli sheria ipo: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina yake ya 2001, na zote zinalinda programu za kompyuta. Lakini sijaona mtu aliyeacha kwa sababu ya sheria hizo. Kinachopaswa kumwogopesha mwenye kompyuta ni namna kazi yenyewe inavyofanyika.

Microsoft wana utaratibu kwa ajili ya taasisi kubwa: badala ya kila kompyuta kujisajili kwao moja kwa moja, taasisi inaweka seva yake ndani, na kompyuta zote zinaitambua hiyo na kuhuisha usajili kabla siku 180 hazijapita. Programu anayoitumia fundi hufanya ujanja wa kujenga seva ya uongo ndani ya kompyuta yako, ili Office idhani iko ofisini kwa shirika fulani. Kinga ya Windows inaitambua programu ya namna hiyo mara moja na kuizuia. Kwa hiyo fundi, kabla ya yote, anazima kinga, au anaiamuru isiliangalie folda fulani. Akimaliza anakukabidhi kompyuta, Word inafunguka, unalipa, unashukuru. Lile folda ambalo kinga imeambiwa isiliangalie linabaki hivyo hivyo.

Fundi mwenyewe huenda hana nia mbaya. Naye programu hiyo aliipakua mahali, au alipewa kwenye flashi na mwenzake. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya usalama ya Marekani, Red Canary, ilieleza jinsi watu waliokuwa wakitafuta KMSPico, mojawapo ya vifaa hivyo vya kufungulia Windows na Office, walivyokuwa wakipata ndani yake kirusi kiitwacho Cryptbot. Kirusi hicho hukusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuzituma kwa wenyewe. Fikiria sasa nyumbani kwako: kompyuta hiyo hiyo ndiyo unayoingilia benki, barua pepe, mfumo wa kodi. Ukinilazimisha kutaja Office iliyo ghali kuliko zote, nitaitaja hiyo.

Na kinachouma zaidi ni kwamba haikuwa lazima, kwa sababu programu kamili ya ofisi, ya halali na ya bure, ipo kwa zaidi ya miaka ishirini. Asili yake ni Ujerumani, ambako Marco Börries alianzisha kampuni ya Star Division mwaka 1985 akiwa bado kijana wa shule. Sun Microsystems ya Marekani ikainunua 1999, na mwaka uliofuata ikauweka msimbo wake wazi kwa jina la OpenOffice.org. Oracle walipoinunua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi walihofia mustakabali wa mradi, wakatoka na nakala ya msimbo na kuipa jina jipya: LibreOffice. Inasimamiwa na The Document Foundation ya Berlin, inatoka katika toleo jipya takriban kila miezi sita, na haidai hata senti.

Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na mkono humo. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Haikuenea ilivyotarajiwa, mtu aliyejifunza kompyuta kwa menyu za Kiingereza hakuona haraka ya kuhama. Hata hivyo kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ingali inapatikana kwa LibreOffice. Usiitegemee kwa kila kitu, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima, njeo, kirejeshi na shamirisho kwa mkupuo, na hakuna orodha ya maneno itakayoimaliza miungano yote hiyo. Ila kuichagua kunaondoa ule wekundu unaopigwa chini ya kila neno kana kwamba umeandika makosa matupu, na kompyuta inaacha kukusahihishia Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza.

Tahadhari ya jina: anayetafuta mtandaoni atakutana pia na Apache OpenOffice. Hilo ni tawi lililobaki baada ya Oracle kuukabidhi mradi kwa Apache mwaka 2011. Toleo lake la 4.1 lilitoka 2014, na tangu hapo limekuwa likipata viraka tu. Jina ni maarufu, lakini uhai umehamia LibreOffice.

Kuipakua kunakula kama MB 350 za bando. Ukiwa na rafiki mwenye intaneti ya ofisini, mwombe akupakulie kwenye flashi kutoka tovuti ya LibreOffice yenyewe. Leseni inaruhusu kugawana bila kikomo, na ukishaisakinisha haihitaji intaneti tena. Kwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 4, ambayo Office mpya huifanya ihangaike, LibreOffice inakwenda. Na asikuambie mtu kwamba ni programu ya wanafunzi: mwaka 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani ilitangaza kuhamishia LibreOffice kompyuta zake zipatazo 30,000.

Lawama anayoisikia kila anayeitumia ni moja: "faili limeharibika." Lawama hiyo ina ukweli, na inafaa ichunguzwe kwa karibu kuliko inavyofanyika. Chukua wasifu wa kurasa mbili ulioandikwa kwenye Word ya sasa, ukatumwa kwa WhatsApp, ukafunguliwa kwa LibreOffice kwenye kompyuta ya steshenari ili uprintiwe. Kurasa mbili zimekuwa tatu. Mstari wa wadhamini umeangukia ukurasa mpya peke yake. Tarehe za ajira, zilizokuwa zimejipanga safu moja upande wa kulia, sasa zinapanda na kushuka.

Sababu ya kwanza ni fonti. Tangu 2023 Word huanza kuandika kwa fonti iitwayo Aptos, badala ya Calibri iliyotumika tangu Office 2007. Calibri huja na Windows yenyewe, na hata mahali isipokuwepo LibreOffice ina Carlito, fonti iliyochorwa makusudi ili herufi zake ziwe na upana ule ule. Aptos haimo kwenye Windows. Ni ya wenye Office. Kompyuta isiyo nayo inaweka fonti nyingine ambayo herufi zake ni nene au nyembamba kidogo, na kidogo hicho, mstari kwa mstari, kinasukuma aya nzima hadi ukurasa wa tatu. Dawa yake haina gharama: andika kwa Times New Roman, Arial au Calibri tangu mwanzo.

Sababu ya pili hakuna programu itakayoitibu. Zile tarehe zilizopanda na kushuka, mwandishi alizisogeza kulia kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara ishirini. Ukurasa mpya aliupata kwa kubonyeza Enter mpaka mwisho wa karatasi, badala ya Ctrl na Enter mara moja tu. Hati ya namna hiyo imesimama kwa bahati. Ibadilishe fonti, au ifungue kwenye Word ya kompyuta nyingine yenye printa tofauti, nayo itaanguka pia. Sehemu kubwa ya dhambi zinazotundikwa shingoni mwa programu za bure zilifanywa na sisi wenyewe, kwa sababu tulifundishwa kuchapa na hatukufundishwa kupanga ukurasa.

Sababu ya tatu iko kwenye muundo wa mafaili. LibreOffice kwa asili huhifadhi kwa muundo wa ODF, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa na ISO mwaka 2006. Microsoft wana wao, ule wa docx na xlsx ulioanza na Office 2007, nao ISO wakaukubali 2008. Muundo wa Microsoft umebeba mabaki mengi ya Word za zamani, kwa hiyo watengenezaji wengine wanaufuata nyuma wakijaribu kukisia Word ingefanya nini. Kwa barua na ripoti za kawaida wanapatia. Kwa hati yenye majedwali ndani ya majedwali, visanduku vya maandishi vinavyoelea na michoro iliyounganishwa kwa mishale, huteleza.

Kwa hiyo baada ya kuisakinisha LibreOffice, la kwanza ni kuingia kwenye mipangilio na kuiambia ihifadhi kwa docx na xlsx siku zote. Usipofanya hivyo utamtumia mtu faili la odt, alifungue kwenye simu, lisifunguke, akupigie. Ni jambo la dakika mbili ambalo limewarudisha watu wengi kwa fundi bila sababu. Na la pili: chochote kisichohitaji kuhaririwa upande wa pili kitume kwa PDF. PDF haijali nani ana Aptos na nani hana. Wasifu wetu wa kurasa mbili ungetoka steshenari ukiwa na kurasa mbili.

Hapo utaona kwa nini nilianza na safari ya faili. Kwa barua, wasifu, mitihani ya shule, andalio la somo, risala, mialiko ya vikao na mikataba ya kupangisha, mwisho ni karatasi au PDF. Kwa kazi hizo zote kulipia Office ni kununua jina. Nyumba nyingi zinaishia hapo.

Hesabu zina habari yake. Jedwali la kikoba lina safu za jina, hisa za wiki, mfuko wa jamii, mkopo, marejesho na faini. Kujumlisha hisa za kila mwanachama, kupiga riba, kuonyesha kwa rangi nyekundu aliyechelewesha rejesho: yote hayo Calc ya LibreOffice inayafanya kwa fomula zile zile za Excel, na jedwali likihifadhiwa kwa xlsx mweka hazina mwenye Excel atalifungua bila tatizo. Hata fomula ya XLOOKUP, ambayo walimu wa Excel wa YouTube wanaipenda sana, iliingia LibreOffice toleo la 24.8 mwezi Agosti 2024. Kinyume chake, Excel 2016 na 2019 hazina fomula hiyo, na Excel za namna hiyo ndizo unazokuta kwenye kompyuta nyingi za mtaani. Anayelinganisha "Excel halisi" na ya bure aangalie kwanza Excel anayoisema ni ya mwaka gani.

Mahali Calc inaposhindwa ni kwenye makro. Excel ina lugha yake ya ndani, VBA, ambayo taasisi nyingi zimejengea fomu zenye vitufe. Wakenya wanaojaza ritani za kodi za KRA kwa faili la Excel wanaijua: unalifungua, unaambiwa uruhusu makro, unajaza kurasa, unabonyeza kitufe cha kuhakiki, kisha linatengenezwa faili lililobanwa la kupakia kwenye iTax. LibreOffice inaielewa VBA kwa sehemu tu, na sehemu tu haitoshi usiku wa Juni 30, siku ya mwisho ya ritani. Kadhalika mhasibu anayepewa na mwajiri jedwali lenye maelfu ya mistari na maunganisho ya kuvuta data kutoka kwingine. Huyo anunue Excel, tena amdai mwajiri ailipie.

Wapo wanaosema suala lote hili limepitwa na wakati kwa kuwa siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Google waliinunua programu iitwayo Writely mwaka 2006, wakaigeuza kuwa Google Docs, na leo kila mwenye Gmail anayo, pamoja na GB 15 za bure zinazotumika kwa barua pepe, picha na mafaili kwa pamoja. Microsoft nao wanatoa Word na Excel za kwenye kivinjari bila malipo, na GB 5. Ubora wa njia hii si wa kubeza. Umeme ukikatika katikati ya sentensi, sentensi iko salama, wakati Word na LibreOffice zilizo kwenye kompyuta, kwa mpangilio zinaokuja nao, hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Kompyuta ikiibwa, kazi haikuibwa. Kamati ya harusi yenye watu kumi wanaojaza ahadi kwenye jedwali moja haina njia bora kuliko hiyo.

Lakini bando. Maandishi yenyewe hayali kitu. Kinachokula ni kufungua ukurasa, kompyuta kujisasisha kwa siri pindi inapoona intaneti ya simu, na vichupo vingine vilivyofunguka pembeni. Google Docs inaweza kutumika bila intaneti, ila ni lazima uiruhusu mapema, ukiwa mtandaoni, kwenye Chrome au Edge. Anayekumbuka baada ya bando kukata amechelewa. Word ya bure ya kwenye kivinjari haina hata nafasi hiyo. Na akaunti ndiyo mlango: aliyefungua Gmail kwa laini ya simu aliyoiacha miaka mitatu iliyopita, akasahau nywila, amejifungia nje ya maandishi yake. Mimi naiona Google Docs kama rafiki wa LibreOffice, ya kushirikiana na ya kuwekea nakala. Kuifanya chombo pekee cha kuandikia nyumbani, hasa nyumba isiyo na intaneti ya kudumu, siishauri.

Zipo nyingine. WPS Office ya kampuni ya Kichina Kingsoft wengi wameizoea kwenye simu. Kwenye kompyuta inafanana sana na Word na inazifungua docx vizuri, lakini ya bure ina matangazo, na baadhi ya kazi za PDF unaambiwa ulipe. OnlyOffice inatumia muundo wa docx kama muundo wake wa asili, ndiyo maana mpangilio wa kurasa mara nyingi hubaki ulivyokuwa. Kwa anayepokea hati za Word kila siku ningemwambia aiweke kando ya LibreOffice, kwa kuwa hakuna sheria inayokataza kuwa na zote mbili. FreeOffice ya SoftMaker, Wajerumani wa Nuremberg, ni nyepesi na safi, ila baadhi ya zana wamezibakiza kwa wanaonunua.

Aliyebaki ni mwanafunzi wa chuo, na huyu ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote, maana faili lake halitulii. Linakwenda kwa msimamizi, linarudi na maoni, linakwenda kwa mtu wa kupanga kurasa, linarudi tena. LibreOffice inayasoma maoni na marekebisho yanayofuatiliwa ya Word, inayajibu na kuyahifadhi. Kwa sura moja moja hakuna shida. Shida huja mwishoni: yaliyomo yanayojiunda yenyewe, namba za kurasa za kirumi zikifuatiwa na za kawaida, orodha ya majedwali, viambatisho vilivyolala upande. Hati hiyo ikipita mara kumi kati ya programu mbili, kila mara ikitafsiriwa kwenda na kurudi, kitu kitalegea. Marejeo yake ayaweke kwenye Zotero, ambayo ni bure na inafanya kazi ndani ya Word, LibreOffice na Google Docs; Mendeley, ambayo wengi hufundishwa chuoni, kiunganishi chake kipya ni cha Word peke yake.

Kabla mwanafunzi huyo hajatoa hata shilingi, aulize kitengo cha TEHAMA cha chuo chake kama barua pepe aliyopewa siku ya usajili ina Office ndani yake. Microsoft wana mpango wa elimu ambao, chuo kikishajiandikisha, unawapa wanafunzi na walimu Word, Excel na PowerPoint za kwenye kivinjari bila malipo, na vyuo vingine hulipia hata zile za kusakinisha. Kuna wanafunzi wanaomlipa fundi huku anwani ya chuo yenye haki hiyo wameiacha bila kuifungua tangu mwaka wa kwanza. Asipoipata huko, na kazi ikiwa imebaki miezi michache, alipie Microsoft 365 kwa mwezi badala ya mwaka, mwezi ule wa kupanga kurasa na kukabidhi, kisha asitishe. Asitishe yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye akaunti: malipo hujirudia yenyewe mwezi unaofuata ikiwa kadi ina salio.

Anayenunua kwa ajili ya biashara ndogo aisome leseni kwa makini zaidi. Office Home 2024 ni ya matumizi ya nyumbani; ya biashara, yenye na Outlook, ni Home & Business 2024 kwa dola 249.99. LibreOffice haina mgawanyo huo: duka la dawa, shule binafsi na wakala wa pesa wanaitumia kwa leseni ile ile anayotumia mtoto wa darasa la sita. Kwa duka lenye kompyuta tatu, tofauti hiyo ni dola 750, na printa nzuri ya leza inapatikana humo na chenji ikabaki.